Asilimia Tisini na Moja

Mbele ya duka langu la tambi pana kibao cha serikali,
cha buluu, kimepigiliwa misumari minne.
Mwaka juzi kilisema: kazi imekamilika asilimia tisini na tatu.
Mwaka huu amekuja kijana na kopo la rangi,
akafuta tatu, akaandika moja.
Nikamwuliza, mwanangu, barabara inarudi nyuma?
Akasema, hapana mama, ni mlima ulioshuka.

Ndivyo kisiwa chetu kilivyovaa lami,
pete iliyokataa kukutana ncha.
Ncha moja inaishia mlangoni kwangu,
ya pili kwako, dada yangu Saengduan,
na kati yetu kilomita tano na ushee
za jabali, mianzi na ruba.
Hondohondo huruka kwa pumzi moja.
Mimi nikikutamani huzunguka kisiwa kizima,
kilomita hamsini na tatu,
pikipiki ikilia kila kona kama mbuzi aliyefungwa.

Watalii hufika na magoti yaliyokwisha kuchubuka,
simu mkononi, jasho puani:
Mbona ramani inaonyesha njia?
Hizo ni nukta, nawaambia. Nukta hazipitiki.
Wanacheka, wanaketi, wanaagiza tambi za uduvi,
wananunua petroli kwa chupa za pombe kali.
Nisiseme uongo: mwisho wa barabara ndio mtaji wangu.
Pasipo njia ndipo penye sahani.

Lakini mama alifia upande wako,
na njia ya kuzunguka ilikuwa imekatika
pale kwenye kona ya mnazi ulioinama.
Nilipita mlimani usiku, mimi na Prasong na tochi moja.
Ruba walininywa mpaka ndani ya soksi.
Nilifika watawa wamekwisha kusoma,
majivu yamepoa.
Ulinipa chai. Ukawatoa ruba mmoja mmoja kwa chumvi.
Hatukusemezana,
na damu ya miguu yangu ikalowesha mkeka wa marehemu.

Tangu siku hiyo naitaka barabara.
Naitaka na siitaki,
kama mtu anayekwenda kung'oa jino.

Sasa wanapasua mwamba pande zote mbili,
saa nne asubuhi kwako, saa tisa alasiri kwangu.
Unapiga simu: Umesikia?
Nimesikia.
Vikombe vyangu vimecheza kabatini.
Vyangu viwili vimevunjika.
Tunacheka, halafu tunanyamaza,
kila mmoja akisikiliza vumbi la mwenzake likitua.

Injinia Thawat, anayekula kwangu kwa deni,
anaapa kwamba tutaonana kabla ya mvua.
Mvua ipi? namwuliza.
Hapa mvua na mlima ni ndugu wa kambo,
wakikutana hugombana,
na anayepigwa ni lami.
Anatikisa kichwa, anaongeza pilipili.

Jana alikuja na kipimo chake cha miguu mitatu,
akafumba jicho moja, akachungulia,
akanyanyuka, akachungulia tena.
Kisha akachora msalaba mwekundu
kwenye nguzo ya jiko langu.
Hakuagiza chakula.
Alilipa deni lote, hata la mwezi wa pili
nililokuwa nimelisahau.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Nimekaa usiku huu na kikokotoo:
asilimia tisa zilizobaki,
jiko langu ni asilimia ngapi ndani yake?
Sufuria? Kivuli cha turubai?
Ile benchi alipolala Prasong alipokuwa mgonjwa?
Mashine inaandika sifuri, nukta, sifuri, sifuri,
nikachoka kufuata sifuri.

Saengduan, pale ukumbini kwako, upande wa jua la asubuhi,
nafasi ya meza mbili ipo?
Nitakuja na ile sufuria kubwa ya mama.
Usinijibu kwa simu.
Ngoja wafungue.
Nitakuja kuuliza mwenyewe, dakika kumi tu,
nikiwa na soksi kavu.